Kijitabu kinasema saa 11, macho yanasema mengine

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma siku nyingi, ila sikudhani ipo siku ningekuandikia, tena kwa jambo ambalo nikilisimulia kwa mdomo linaonekana dogo. Linahusu saa ya kutoka kazini.

Nina miezi mitatu kwenye kazi mpya, idara ya hesabu, tuko wanane chumba kimoja. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kijitabu cha kanuni za kazi, kurasa 24. Mimi ni mtu wa kusoma, nikakisoma chote, nikatia sahihi pale mwisho. Kinasema wazi: kazi inaanza saa 2 asubuhi, inaisha saa 11 jioni. Basi saa 11 na dakika 5 nikakusanya vitu vyangu, nikafunga zipu ya mkoba. Shangazi, ile sauti ya zipu bado naisikia. Chumba kizima kilinyamaza. Mmoja akatazama saa ya ukutani, akarudisha macho kwenye kompyuta. Nikasema "kwaherini jamani", wakaitikia wawili tu, kwa sauti ya chini kama tuko msibani.

Ilinichukua karibu wiki mbili kuelewa. Chumba cha mkuu wetu kina mlango wa kioo, na taa yake tunaiona sote. Hakuna anayeinuka kabla ile taa haijazimwa. Inazimwa saa 12 na nusu, siku nyingine saa 1 kasorobo. Na si kwamba watu wana kazi ya kumaliza. Mwenzangu wa meza ya pili, mtu mzima, mkongwe pale, ikishagonga saa 11 anafungua mchezo wa karata kwenye kompyuta yake. Taa ikizimwa, yeye ndiye wa kwanza mlangoni.

Si hilo tu. Kijitabu kinasema kwenye kikao cha Jumatatu kila mfanyakazi ana uhuru wa kuuliza. Nikauliza kwa nini kuna ripoti tunaiandaa mara mbili, takwimu zile zile, mpangilio tofauti. Mkuu akatabasamu, akasema "swali zuri", akaenda kwenye ajenda inayofuata. Tulipotoka, dada mmoja akaniambia, "Wewe una ujasiri." Nikamshukuru! Nilikuja kujua baadaye kwamba sikusifiwa. Siku nyingine nilikaa kiti cha dirishani chumba cha mikutano. Mwenzangu mmoja akaja akasimama nyuma yangu, hasemi kitu, mpaka nikahama mwenyewe bila kujua nahama kwa nini.

Sasa naona wamenitenga. Salamu zipo, lakini nikiingia mazungumzo yanakatika. Mapumziko ya mchana wanatoka pamoja, mimi nashtukia viti vimebaki vitupu. Jioni naendelea kutoka saa 11, ila natoka kama mwizi, mkoba nimeuacha wazi ili zipu isisikike. Kinachoniuma zaidi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Hapa tunafanya hivi." Wangeniambia, ningefuata.

Dada yangu anasema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho, kwa hiyo nikae tu mpaka taa izimwe. Mume wangu anasema sheria ni ile iliyoandikwa, mengine yote ni uoga wa watu. Nimepanga Jumatatu ijayo nisimame kikaoni, kijitabu mkononi, niseme: kama tunatakiwa kukaa mpaka saa 12 na nusu, basi iandikwe, sote tujue moja. Kipindi changu cha majaribio kinaisha wiki tano zijazo, na tathmini anaifanya huyo huyo mkuu. Nisimame au ninyamaze?

Mgeni Kazini

*

Marahaba, mwanangu.

Kijitabu kiache kwenye droo. Sababu zangu ni ndefu kidogo, ila hilo la Jumatatu nimelitanguliza, usije ukasimama kabla hujafika mwisho wa jibu.

Naanza na linalokuuma. Unasema hakuna aliyekuambia, na mimi sidhani walikuficha. Kanuni iliyoandikwa unaweza kuiwekea kidole: ukurasa huu, mstari huu. Isiyoandikwa, aliyeizoea haioni kuwa ni kanuni; kwake yeye ndivyo dunia ilivyo. Anaihisi pale tu mtu anapoigonga, na hata hapo jicho lake haliendi kwenye kanuni, linamwendea mtu. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Harold Garfinkel, katika miaka ya 1960 aliwatuma wanafunzi wake warudi nyumbani kwao, wakae kwa muda wa dakika 15 mpaka saa moja kama wapangaji wageni. Waseme kwa adabu kupita kiasi, wasiingilie mambo ya ndani, wasizungumze mpaka wasemeshwe. Hapo hakuna tusi, wala kosa unaloweza kuliandika mahali. Lakini nyumba zilivurugika. Watu walikasirika, wakataka kujua: huyu anaumwa? Kaudhiwa na nani? Kimemwingia nini? Swali halikuwa kanuni gani imevunjwa. Lilikuwa huyu ana nini.

Ndiyo yaliyokupata. Zipu ilipolia, sidhani kama kuna aliyewaza "maskini, hajui." Waliwaza "huyu anajiona." Na wewe nawe, badala ya kuwaza "hawa wamezoea," ukawaza "hawa hawanitaki." Wote mmesoma nia mahali ambapo huenda palikuwa na mazoea tu. Wao hawawezi kukuambia "hapa tunafanya hivi" kwa sababu hawajui kwamba wanafanya hivyo. Waulize leo kama kuna kanuni ya kusubiri taa. Wataapa kwamba haipo, na watakuwa wanasema kweli kwa kadiri wanavyojijua.

Kiti cha dirishani sitakipotezea muda. Kiti kina mwenyewe, mwachie, hakikugharimu chochote.

Swali lako la kikaoni ni jambo jingine. Kijitabu hakikukudanganya, uhuru wa kuuliza upo. Ila hakuna kijitabu duniani kinachoandika uliza lini, mbele ya nani, na kazi ya nani. Ripoti inayoandaliwa mara mbili haikujiunda yenyewe. Kuna mtu aliianzisha, na yawezekana sana alikuwa ameketi pale pale ulipokuwa ukiuliza. Aliyekuambia una ujasiri alikuwa anakupa onyo kwa mkono mpole. Ule haukuwa uadui, mwanangu. Ni mtu pekee aliyejaribu kukuambia, nawe ukamshukuru na kupita. Mkumbuke huyo dada.

Sasa twende kwenye taa, maana hapa ndipo penye nyama.

Kuna mambo mawili unayachanganya, na wala si wewe peke yako. Kuna lile ambalo watu wengi wanalifanya, na kuna lile ambalo watu wengi wanalikubali moyoni. Robert Cialdini na wenzake waliyatenganisha mwaka 1990 katika utafiti wao kuhusu utupaji wa takataka: kuona eneo chafu humwambia mtu kwamba hapa watu hutupa, lakini hilo haliwi ushahidi kwamba wanapenda kuona patupwe. Wewe umeona jambo la kwanza kwa macho yako: wenzako saba wanakaa. La pili umelikisia: wanataka kukaa, na wanataka nawe ukae. Ushahidi wako wa hilo la pili uko wapi? Nimeisoma barua yako mara tatu, sikuuona. Nilichokiona ni kinyume chake. Mzee wa watu anacheza karata! Taa ikizimwa anakuwa wa kwanza mlangoni. Huyo ni mlinzi wa utaratibu kweli, au ni mfungwa mwenzako mwenye kifungo kirefu zaidi?

Umewahi kukaa darasani, mwalimu akamaliza somo gumu akauliza "mmeelewa?" Kila mwanafunzi hajaelewa, kila mmoja anachungulia kushoto na kulia, anaona mikono haijainuka, anajiambia basi ni mimi tu. Mikono inabaki chini. Darasa zima halijaelewa na darasa zima limekubali kwamba limeelewa. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha walichokikuta kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu unywaji wa pombe chuoni. Kwa wastani wanafunzi walisema wao wenyewe hawaufurahii sana, ila waliamini mwanafunzi wa kawaida pale anaufurahia kuliko wao. Yaani kundi zima lilikuwa linaliogopa kundi ambalo halipo. Baya zaidi, muhula ulivyosonga, wanaume miongoni mwao walianza kuisogeza misimamo yao kuelekea kwa huyo mtu wa kawaida waliyemtunga vichwani.

Kwa hiyo dada yako mwambie hivi: methali yake ni nzuri, ila kabla ya kufumba jicho nataka ujue kwanza kama ni wenye chongo kweli. Isije ikawa kila mmoja ana macho yake mawili mazima, kafumba moja kwa sababu jirani yake kafumba.

Mimi mwenyewe nimewahi kufumba. Kazi yangu ya kwanza nilikaa karibu miezi minne nikimsubiri bosi aondoke. Jioni moja akanikuta ngazini, akanivuta pembeni, uso wote huruma, akaniuliza, "Hivi nyumbani kwako kuna tatizo? Mbona huwa hutaki kurudi?" Yeye alikuwa anachelewa kwa kusubiri gari la mwenzake. Miezi minne, mwanangu! Sikusemi wewe tu.

Ukishajua kwamba huenda hakuna anayeipenda taa, kishawishi cha kusimama na kijitabu kinazidi, eti uwakomboe. Hapo ndipo nakushika mkono.

Kwanza, ukiwasimamia hadharani unawalazimisha wachague hadharani. Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari wakaambiwa wataje ipi inalingana kwa urefu, jambo ambalo hata mtoto angeliweza. Ila kila mtu aliyepimwa alikuwa amezungukwa na wengine waliopangwa mapema kutoa jibu moja la uongo. Takribani theluthi moja ya majibu yalifuata uongo wa kundi. Mistari tu ile! Hakukuwa na bosi, wala mshahara, wala tathmini. Kikaoni kwenu vyote hivyo vipo. Ukiuliza "si kweli tunasubiri taa?" utaona vichwa saba vikiangalia meza, na yule wa karata ndiye atakayekukana wa kwanza. Lakini Asch aligundua na jambo jingine, nalo ndilo nitakalolitumia: akiwepo mtu mmoja tu anayetoa jibu la kweli, kulifuata kundi kulishuka sana. Mmoja alitosha.

Pili, jambo likishaandikwa huwa halibaki lile lile. Uri Gneezy na Aldo Rustichini mwaka 2000 walieleza kuhusu vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, mwalimu anabaki akisubiri. Katika vituo 6 ikawekwa faini, shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Ungetarajia wawahi. Waliochelewa wakaongezeka, mpaka karibu mara mbili. Kabla ya hapo kilichowaharakisha ni aibu ya kumweka mwalimu wa watu; faini ikaigeuza aibu kuwa bei, na bei ukiilipa huna deni. Walipoifuta faini, uchelewaji haukurudi ulipokuwa. Ile aibu ilikuwa imeshatoka.

Sasa piga picha Jumatatu yako. Mkuu, mbele ya watu, kijitabu kimemwelekea. Atasema nini? Atasema "hakuna anayelazimishwa," na kila mtu ataendelea kukaa, ila sasa wewe ni adui aliyetajwa. Au ataandika kweli, saa 12 na nusu, na kitu kilichokuwa kimeegeshwa tu kitakuwa kimepigiliwa misumari. Tena nikuulize: umeshawahi kutazama wenzako wanafika saa ngapi asubuhi? Mambo yasiyoandikwa hutembea mawili mawili. Pengine yupo anayeingia saa 2 na dakika 40 baada ya kumpeleka mtoto shule na hakuna anayehesabu. Kijitabu hakifunguki ukurasa mmoja tu. Wafanyakazi wanaotaka kumbana mwajiri bila kugoma wana njia moja ya siku nyingi: kufuata kanuni zote zilizoandikwa, neno kwa neno. Kazi inakwama siku hiyo hiyo.

Mume wako yuko sahihi katika jambo moja, ni uoga. Ila uoga wenyewe si wa kudharauliwa. Stanley Milgram, miaka ya 1970, aliwaomba wanafunzi wake waingie kwenye treni za chini ya ardhi za New York, wamwendee abiria aliyekaa na kumwambia tu, "Naomba kiti chako," bila sababu yoyote. Walioombwa hivyo walikubali mara 68 kati ya 100. Wanafunzi hawakupigwa, hawakutukanwa sana. Kilichokuwa kigumu ni kufungua mdomo. Milgram mwenyewe alipojaribu, maneno yalimkwama kooni, na alipopewa kiti akajikuta anainamisha kichwa kama mgonjwa kweli ili kuhalalisha ombi lake. Ndiyo zipu yako hiyo. Moyo unavyodunda si kipimo cha watakachokufanyia watu. Tofauti ni kwamba wale wa treni hawakuonana tena na abiria wao. Wewe kesho asubuhi uko nao, ndiyo maana nataka uende polepole.

Fanya hivi. Wiki hii mtafute mmoja, peke yake, mahali pasipo na masikio. Anaweza kuwa yule dada wa "una ujasiri," ila mimi ningeanza na mzee wa meza ya pili. Usimuulize kuhusu kanuni, maana atakuambia haipo. Muulize kama mtu anayejifunza: "Mzee wangu, mimi mgeni, huwa natoka saa 11. Naona wenzangu mnabaki. Kuna ninachokosea?" Kisha nyamaza. Usimmalizie sentensi. Hata akikujibu kwa mkato, umeshamwambia jambo ambalo hawalijui: kwamba hukuwa unajiona, ulikuwa hujui. Hilo litafika kwa wenzake kabla ya jioni, niamini.

Kisha, kabla ya tathmini, nenda kwa mkuu chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Hapo usiitaje taa wala kijitabu, zungumzia kazi yako: "Saa 11 huwa nimemaliza niliyopangiwa. Kuna unachohitaji kwangu kabla sijaondoka?" Inawezekana hajui kabisa kwamba watu saba wanaishi kwa kuangalia kioo chake. Akisema "nenda tu," jioni toka ukiaga kwa sauti ya kawaida, na kabla hujainuka pita meza mbili tatu uulize kama kuna aliyekwama. Nahisi kuna waliochukizwa na hilo kuliko saa yenyewe, kwamba unaondoka kama chumba ni kitupu.

Inawezekana pia anajua, na anahesabu. Siwezi kukuficha, wapo wakuu wa namna hiyo. Akikuambia waziwazi kwamba anataka watu wabaki, umepata ulichokuwa unakitafuta, kanuni imesemwa. Hapo muulize kwa upole saa hizo za ziada zinaandikwaje, na akikwepa, ndipo kijitabu na mkataba vitoke kwenye droo, viende ofisi ya utumishi kwa barua, wala si kikaoni. Sikuambii umeze saa moja na nusu ya kila jioni ya maisha yako. Na kama ndani ya hizi wiki tano ukiamua kukaa mpaka taa izimwe mara mbili tatu ili tathmini ipite, sitakuita mwoga, mradi ujue umechagua.

Jumatatu nenda kikaoni, kaa kiti chochote isipokuwa kile cha dirishani. Jioni anza na mzee wa karata. Ila karata zenyewe usimwambie kwamba umeziona.

Shangazi